Wanapohama Wakubwa, Nauli Hulipwa na Wadogo

Kaa na wazazi wa Bonde la Ufa wenye watoto wepesi wa miguu, hutakawia kusikia habari za Marekani. Mmoja kapata nafasi Alabama, mwingine yuko New Mexico, binti wa jirani anasubiri viza ya kwenda Oklahoma. Mazungumzo haya ni ya kawaida Eldoret na Iten, na siku hizi hayashangazi Arusha wala Babati. Maswali yanayofuata ni yale yale. Chuo kinalipa karo yote? Chakula na malazi je? Tiketi ya ndege anakata nani? Majibu yakiridhisha, watu hupongezana na familia huanza kuhesabu ng'ombe.

Kuna swali ambalo karibu kila mara huachwa: chuo hicho kiko katika jumuiya gani ya michezo, na jumuiya hiyo itakuwepo mtoto atakapofika mwaka wa tatu?

Msomaji asidhani swali hili ni la mashabiki wa michezo peke yao. Vyuo vikuu vya Marekani havichezi kila kimoja kivyake. Vimejipanga katika jumuiya, kila jumuiya na ratiba yake, ubingwa wake na mkataba wake wa televisheni. Fungu ambalo chuo hupata katika mkataba huo lina uzito mkubwa katika kuamua kocha wa riadha atapewa bajeti gani, atachukua wakimbiaji wangapi na atawasafirisha umbali gani. Tangu Julai 2021 jumuiya hizi zimekuwa zikinyang'anyana wanachama kwa kasi ya kutisha. Moja iliyodumu zaidi ya karne nzima ilisambaratika ndani ya miezi kumi na minne.

Msimamo wangu ni huu: upanuzi huo umekosewa tangu msingi. Umepangwa kwa ajili ya mchezo mmoja, futiboli ya Kimarekani, kisha gharama zake zikapelekwa kwa michezo mingine yote, ikiwemo riadha inayowabeba watoto wetu. Na dawa yake inajulikana. Futiboli ijitenge, iende itakako na televisheni yake. Michezo mingine irudi kucheza na majirani.

Jumuiya ilianza kama ujirani

Mwaka 1895 wakuu wa vyuo saba vya eneo la Maziwa Makuu ya Marekani walikutana Chicago kutafuta kanuni za pamoja. Walitaka kuzuia wachezaji wa kukodi na kuhakikisha anayevaa jezi ya chuo ni mwanafunzi kweli. Mwaka uliofuata ikazaliwa jumuiya ambayo leo inaitwa Big Ten. Desemba 1915, vyuo vinne vya pwani ya Pasifiki vikakutana Portland, Oregon, vikaunda jumuiya yao. Hiyo ndiyo iliyokuja kukua, ikabadilisha majina mara kadhaa, na hatimaye ikajulikana kama Pac-12.

Angalia mantiki yake. Vyuo vilivyo karibu, vyenye wanafunzi wa hali zinazofanana, vinakutana kila mwaka. Timu inapanda treni au basi Ijumaa, inacheza Jumamosi, na Jumatatu wanafunzi wako darasani. Mzazi aliye mji wa pili anaweza kuja kumtazama mwanawe na kurudi nyumbani usiku huo huo. Uhasama wa uwanjani unarithishwa, babu anamsimulia mjukuu. Timu ya Oklahoma na ya Oklahoma State, zilizotengana kwa mwendo wa chini ya saa mbili kwa gari, zilikutana katika futiboli kila mwaka bila kukosa tangu 1910. Mfululizo huo uliishia mwaka 2023. Oklahoma ilikuwa imekwishaamua kuhamia jumuiya ya SEC pamoja na Texas, na ratiba mpya haikuwa na nafasi ya jirani.

Kwa sisi wa Afrika Mashariki, ujirani huo una jina na sura. Katika vilima vya ngano vya mashariki mwa jimbo la Washington uko mji mdogo wa Pullman, wenye wakazi elfu thelathini hivi, na ndani yake Chuo Kikuu cha Washington State. Kocha John Chaplin aliamua miaka ya sabini kutafuta wakimbiaji Kenya. Samson Kimobwa alikuwa mwanafunzi wa hapo alipovunja rekodi ya dunia ya mita 10,000 mwaka 1977. Mwaka uliofuata ukawa wa Henry Rono, mtoto wa Nandi. Ndani ya siku 81 alivunja rekodi nne za dunia: mita 5,000, mita 3,000 kuruka viunzi na maji, mita 10,000, na mita 3,000. Hakuna mwanadamu mwingine aliyewahi kufanya hivyo. Baadaye akaja Bernard Lagat, naye akakomaa katika chuo hicho hicho kabla dunia haijamjua.

Rekodi mbili za kwanza za Rono hazikuwekwa Ulaya mbele ya magwiji wa kulipwa. Ya mita 5,000 aliiweka Berkeley, California. Ya viunzi na maji aliiweka Seattle. Yote miwili ni miji ya vyuo vya jumuiya yake mwenyewe. Mashindano ya majirani, timu iliyosafiri safari ya kadiri, na kijana mwenye kipaji akapata mahali pa kukionyesha mara kwa mara bila kuchoshwa na njia. Mimi naona hapo ndipo ilipokuwa thamani halisi ya jumuiya kwa mwanariadha, na ndiyo thamani ambayo hakuna aliyeiandika kwenye karatasi za hesabu ulipofika wakati wa kuuza.

Mahakama ilifungua mlango

Kwa miaka mingi NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, kilishika haki za kuonyesha futiboli kwenye televisheni na kupanga timu ionekane mara ngapi. Vyuo vikuu vya Oklahoma na Georgia vilikwenda mahakamani, na mwaka 1984 Mahakama Kuu ya Marekani ikaamua kwamba mpango huo ulikiuka sheria za ushindani wa biashara. Jaji Byron White, ambaye ujanani aliwahi kuwa nyota wa futiboli, alipinga uamuzi wa wenzake. Aliona kwamba michezo ya vyuo isipimwe kama biashara ya kawaida, kwa kuwa ina malengo ya elimu.

Baada ya hapo, mwenye kuuza akawa jumuiya. Na muuzaji yeyote hutaka bidhaa kubwa zaidi. SEC ilijiongezea Arkansas na South Carolina, ikajigawa makundi mawili, na mwaka 1992 ikaanzisha fainali ya ubingwa ambayo ilileta pesa mpya. Wengine wakaiga. Jumuiya ya kale ya Texas, iliyoanzishwa mwaka 1914 kwa jina la Southwest, ikafa mwaka 1996 baada ya wenye nguvu kuondoka. Mwaka 2011 Nebraska ikaingia Big Ten, na mwaka 2014 zikafuata Maryland na Rutgers, kwa sababu iliyosemwa hadharani: nyumba za watazamaji wa New York na Washington zilikuwa na thamani kwa kituo cha televisheni cha jumuiya hiyo.

Tangu siku hiyo, swali la kumpokea mwanachama likabadilika. Zamani liliulizwa: huyu ni jirani yetu, tunafanana naye? Sasa linaulizwa: huyu ataongeza fungu la kila mmoja wetu kwa dola ngapi?

Jinsi Pac-12 ilivyopotea

Mikakati ya upanuzi inafundishika vizuri zaidi kwa kisa kimoja, nami nachagua kile cha pwani ya Pasifiki.

Mwaka 2011 jumuiya hiyo ilitia saini mkataba wa televisheni wa miaka 12 na ESPN na Fox wenye thamani ya takriban dola bilioni 3. Wakati ule ulikuwa mkataba wa kujivunia. Mwaka 2012 ikafungua kituo chake yenyewe cha televisheni bila mshirika mkubwa wa kukibeba, na kampuni ya DirecTV, iliyokuwa na mamilioni ya wateja wa satelaiti, haikukubali kamwe kukionyesha. Miaka ikapita, majirani wa mashariki wakalipwa zaidi, pwani ikabaki nyuma.

Agosti 2021, baada ya Texas na Oklahoma kutangaza kuondoka Big 12, vyuo vilivyobaki vya jumuiya hiyo vilikuwa vimeshikwa na hofu na vingeweza kuchukuliwa. Pac-12 ikatangaza kwamba haina haja ya kupanuka. Tarehe 30 Juni 2022 ikapata jibu lake: USC na UCLA, vyuo viwili vya Los Angeles vyenye soko kubwa kuliko wote, vilitangaza kuhamia Big Ten. Miezi miwili baadaye Big Ten ikasaini na Fox, CBS na NBC mkataba wa miaka saba wa zaidi ya dola bilioni 7.

Yeyote aliyewahi kuwa katika chama cha kuweka na kukopa anajua kinachofuata. Wenye michango minene wakitoka, waliobaki hawakai kujadili katiba. Kila mmoja anatazama mlango.

Big 12, ile iliyodhaniwa kuwa maiti mwaka 2021, ilionyesha ujanja. Ilijaza nafasi zake haraka, kisha ikawahi sokoni na kufunga mkataba wake mpya mwaka 2022, kabla ya Pac-12 na kabla kampuni za televisheni hazijaanza kubana matumizi. Pac-12 iliendelea kusubiri bei bora. Ngoja ngoja huumiza matumbo. Kufikia kiangazi cha 2023, kilichokuwa mezani ni pendekezo la Apple ambalo mapato yake yangetegemea idadi ya watu watakaojiandikisha kulipia. Colorado ikaondoka Julai. Tarehe 4 Agosti 2023, Oregon na Washington zikaenda Big Ten, huku Arizona, Arizona State na Utah zikienda Big 12. Tarehe 1 Septemba, Stanford na California ya Berkeley zikapokelewa na ACC, jumuiya ya pwani ya Atlantiki, kwa fungu lililopunguzwa sana. Southern Methodist ya Dallas nayo iliingia ACC kwa kukubali kukaa miaka tisa bila fungu la televisheni.

Waliobaki walikuwa wawili: Oregon State, mmoja wa waasisi wanne wa mwaka 1915, na Washington State ya Henry Rono. Walikwenda mahakamani, wakashinda haki ya kusimamia mali ya jumuiya. Ushindi wa maana, lakini ulikuwa ushindi wa kubaki na nyumba baada ya familia kuhama.

Rono alifariki dunia Nairobi Februari 2024. Miezi sita baadaye wanachama kumi waliondoka rasmi.

Somo la WAC ambalo halikusomwa

Wanaotetea upanuzi husema ukubwa ni usalama. Je, ni kweli? Ushahidi ulikuwepo tangu zamani, na unatugusa Watanzania moja kwa moja.

Suleiman Nyambui, mzaliwa wa Majita mkoani Mara, alisoma Chuo Kikuu cha Texas kilichoko El Paso, UTEP. Alikuwa bingwa wa mbio za nyika za vyuo mwaka 1980, mwaka ule ule alioleta nyumbani medali ya fedha ya mita 5,000 kutoka Olimpiki ya Moscow. UTEP ilikuwa katika jumuiya ya Western Athletic, WAC, ya vyuo vya milimani na jangwani. Mwaka 1996 WAC iliona Southwest inavunjika na ikadhani imepata bahati. Ikapokea wanachama wapya sita kwa mkupuo, ikafikia vyuo 16, kutoka Hawaii katikati ya Pasifiki hadi Tulsa kule Oklahoma. Ilibidi igawanywe mafungu manne ya vyuo vinne vinne, na mafungu yakawa yanazungushwa. Wapinzani wa miaka mingi wakaanza kupishana. Nauli zikapanda, mapato hayakuzifikia.

Mwaka 1998 vyuo vinane, wengi wao wenyeji wa zamani, vikaamua kujitoa, na mwaka uliofuata vikaanza jumuiya yao ya Mountain West. Jumuiya ya vyuo 16 ilidumu misimu mitatu tu. UTEP haikualikwa kwenye jumuiya mpya. Chuo kilichokuwa kimetawala riadha ya vyuo enzi za Nyambui kikaachwa na majirani zake, kikahamia jumuiya nyingine mbali zaidi. Sasa, kwa mpango uliokwishatangazwa, UTEP inaingia Mountain West mwaka 2026, wakati huo huo ambapo wanachama watano wa Mountain West wanaondoka kwenda kuijenga upya Pac-12 pamoja na Oregon State na Washington State. Wawili kati ya hao watano, Colorado State na San Diego State, ni miongoni mwa wale wanane wa 1998.

Miaka 27 ya kuzunguka, na bado kila hatua ilielezwa wakati wake kuwa ya kudumu.

Leo Big Ten ina vyuo 18. SEC ina 16, Big 12 ina 16, ACC ina 17 kwenye futiboli. Tofauti yao na WAC ya 1996 ni pesa. Pesa ya televisheni inaweza kufunika kero ya umbali, kwa muda. Mla ni mla leo. Mla jana kala nini?

Nani anapanda hiyo ndege?

Timu ya futiboli hucheza mechi kumi na mbili hivi za kawaida kwa msimu, nyingi Jumamosi, na nusu au zaidi ni nyumbani. Kwa msimu mzima inapanda ndege mara tano au sita, mara nyingi ndege ya kukodi, na mapato yake yanalipia safari hizo bila shida. Umbali hauiumizi sana.

Sasa mtazame binti wa mpira wa wavu au wa mpira wa kikapu. Yeye hucheza mara mbili kwa wiki, na mechi nyingine zinaangukia Jumatano. Kutoka Los Angeles hadi Rutgers, New Jersey, ni kilomita zipatazo 3,900, karibu sawa na kutoka Dar es Salaam hadi Cape Town, na saa zinatofautiana kwa tatu. Kutoka Stanford hadi Boston ni mbali zaidi. Anaondoka chuoni Jumanne, anarudi Ijumaa alfajiri, na ana mtihani wa kemia. Mzazi wake, aliyezoea kuendesha gari kwenda kumtazama Tempe kule Arizona au Eugene kule Oregon, sasa anamwona kwenye simu. Ni kosa gani alilolifanya binti huyo? Hakushirikishwa kwenye mazungumzo. Mchezo wake haukutajwa katika mkataba wa bilioni 7 ila kama nyongeza.

Miji nayo inalipa. Pullman, na Corvallis iliko Oregon State, ni miji ambayo siku ya mechi kubwa hoteli hujaa, mama lishe wa huko huuza, vijana hupata vibarua vya kuegesha magari. Aondoke mpinzani mwenye jina kubwa, pungufu lake linaonekana kwenye droo ya duka kabla halijaonekana kwenye ripoti ya chuo. Hata jimbo lenyewe linaweza kujikuta linajilipa fidia: UCLA na Berkeley zinamilikiwa na mfumo mmoja wa umma wa California, na mwaka 2024 bodi yake iliamua UCLA iilipe Berkeley dola milioni 10 kwa mwaka kufidia hasara ya kuondoka. Pesa zinatoka mfuko wa kulia kwenda wa kushoto wa suruali ile ile.

Kisha likaja pigo ambalo kila mpenda riadha wa Afrika Mashariki angepaswa kulisikia. Juni 2025, Washington State ilitangaza kupunguza programu yake ya riadha. Mashindano ya kurusha na kuruka yakaondolewa, mbio fupi na za viunzi zikabanwa, nguvu zikaelekezwa kwenye mbio ndefu. Kwamba mbio ndefu ndizo zilizonusurika, nadhani ni deni ambalo chuo kile kinajua linawahusu Kimobwa, Rono na Lagat. Lakini mrusha kisahani wa kike aliyekwenda Pullman akiamini amepata miaka minne, yeye anaambiwa nini? Chuo hakikuacha kuupenda mchezo wake. Mapato yalipungua mahali kwingine, kwa uamuzi wa watu wengine, na kisu kikashukia hapa.

Hoja za upande wa pili zina uzito

Si haki kuwaeleza wakuu wa vyuo kama walafi tu. UCLA ilikuwa na nakisi ya makumi ya mamilioni ya dola katika idara ya michezo. Uongozi wake ulisema wazi kwamba bila pesa za Big Ten kuna michezo ingefutwa. Nayaamini maelezo hayo. Tangu mwaka 1972 sheria ya Marekani inavitaka vyuo kuwapa wanawake fursa sawa za michezo, na katika vyuo vingi vikubwa futiboli ndiyo inayolipia sehemu kubwa ya fursa hizo. Anayesema futiboli ipuuzwe hajui nani analipia viatu vya mbio.

Zaidi ya hayo, wachezaji wenyewe walikuwa wanadhulumiwa. Kwa miongo mingi walizalisha mabilioni na kulipwa karo. Mwaka 2021 Mahakama Kuu ilivunja sehemu ya vizuizi hivyo kwa kauli moja ya majaji tisa, na Juni 2025 jaji Claudia Wilken aliidhinisha makubaliano yanayoruhusu kila chuo kugawa hadi dola milioni 20.5 katika mwaka wa kwanza moja kwa moja kwa wanamichezo wake. Hiyo ni haki iliyochelewa, na naipokea kwa furaha.

Ila haki hiyo imekuja na gharama mpya, na gharama hiyo inasukuma mbio za kutafuta mkataba mnono zaidi. Sehemu kubwa ya dola hizo milioni 20.5 inakwenda kwa wachezaji wa futiboli na mpira wa kikapu wa wanaume. Makubaliano hayo pia yameweka kikomo cha idadi ya wachezaji kwa vyuo vilivyojiunga nayo: timu ya mbio za nyika watu 17, riadha ya uwanjani watu 45. Mkenya au Mtanzania aliyeko kule kwa viza ya mwanafunzi ana kizuizi cha ziada, kwa kuwa viza hiyo inambana sana katika kufanya kazi na kulipwa. Anaweza kuwa bingwa wa taifa zima na bado pesa zikampita kwenda kwa mwenzake wa benchi la futiboli. Doris Lemngole wa Alabama alikimbia mita 3,000 kuruka viunzi na maji kwa dakika 8 sekunde 58.15 mwezi Juni 2025, wakati ambao ulikuwa haujawahi kufikiwa na mwanafunzi yeyote wa kike wa vyuo vya Marekani. Alabama iko SEC, jumuiya tajiri. Jiulize hali ya binti mwenye kipaji kama chake aliyeko chuo ambacho wenzake wamekihama.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema tuchague kati ya pesa za futiboli na ujirani. Vyote vinawezekana. Chuo Kikuu cha Notre Dame kwa miaka mingi kimekuwa huru katika futiboli huku michezo yake mingi ikiwa ndani ya ACC. Desemba 2023 Chip Kelly, aliyekuwa kocha wa futiboli wa UCLA, alitoa rai kwamba futiboli itolewe kwenye jumuiya na kuendeshwa kivyake, ili michezo mingine ibaki na majirani. Aliyesema hivyo ni mtu wa futiboli, tena wa chuo kilichokuwa kinahama. Kinachokosekana ni nia. Kampuni za televisheni hazina sababu ya kuhangaika, maana vita vya panzi ni furaha ya kunguru. Wakuu wa vyuo nao wanaogopa kwamba atakayeanza kujitenga ataachwa nje ya mlango.

Mwaka 2030 uko karibu

Mkataba wa Big Ten unaisha mwaka 2030. Wa Big 12 unaisha mwaka mmoja baadaye. Katika ACC, Florida State na Clemson ziliishitaki jumuiya yao, na mwaka 2025 wakapatana kwa masharti yanayopunguza ada ya kutoka hadi dola milioni 75 kufikia msimu wa 2030-31. Tarehe zote zinaelekea pamoja. Kila anayefuatilia mambo haya anajua mhamo mwingine mkubwa unajiandaa, na mazungumzo yanayouandaa hayafanyiki mbele ya wanafunzi.

Mtoto aliye sekondari leo, anayekimbia kwenda shule kule Kapsabet au Mbulu, ndiye atakayekuwa chuoni wakati huo. Mzazi wake ana haki ya kuuliza zaidi ya karo na chakula. Kocha akipiga simu, muulize jumuiya ya chuo na mkataba wake unaisha lini. Muulize kama ufadhili umeandikwa wa mwaka mmoja mmoja au wa miaka yote ya shahada, na chuo kimeahidi nini kwa maandishi endapo timu itafutwa. Muulize msimu uliopita timu ilikosa siku ngapi za masomo kwa ajili ya safari. Kocha mwema hatachukia maswali hayo. Wengi wao wamebeba mzigo huu bila kuutaka.

Na vyama vyetu vya riadha, Kenya na Tanzania, visiwaachie mawakala kazi hii. Vina wanariadha wa zamani waliopita katika vyuo hivyo na wanaojua njia. Waitwe, wakae na wazazi, na karatasi zisomwe kwa Kiswahili kabla mtoto hajatia saini.